Kikohozi cha Nyapara

Mimi ndiye mtu wa kwanza wa upande wetu kurudi kutoka pwani na cheti chenye muhuri. Nalisema hilo mapema ili msomaji asidhani kwamba haya nimesimuliwa na watu. Nilikwenda na msafara wa wapagazi nikiwa na mzigo wa mtu mwingine kichwani. Nilirudi mzigo wangu ukiwa kichwani mwa mtu mwingine. Kati ya safari hizo mbili ipo miaka ya shule ya serikali. Hakuna aliyenilipia chochote. Nilifagia madarasa, nilichota maji, nilifua mashati ya walimu, na jioni nilisoma. Nilijifunza hesabu, kupima ardhi kwa kamba na vigingi, na Kidachi cha kutosha kumjibu Mdachi bila kutetemeka. Cheti ninacho hadi leo. Mchwa wamekula pembe moja, lakini muhuri hawakuthubutu kuugusa.

Kwetu ni pale ardhi inapolala tambarare kabla ya kufika mto Songwe, ukitoka Bujonde na kufuata migomba. Ng'ambo ya mto ilikuwa ya Waingereza, ng'ambo yetu ya Wadachi, ila watu walikuwa walewale. Tulioana, tulizikana, tulidaiana ng'ombe. Mto wenyewe ulikuwa haujali serikali ya mtu. Mvua zikizidi ulihama, na shamba lililolala Udachini liliamka Uingereza. Mwenye shamba alivuka na jembe lake, akalima, akarudi nyumbani kula.

Tulikuwa na vijiji viwili vilivyotazamana, na jambo hili lazima nilieleze vizuri maana habari yote inalitegemea. Kimoja kilikuwa cha akina baba, kingine cha sisi vijana wao. Kwa desturi ya Wanyakyusa wa wakati ule, vijana wa rika moja walitoka kwa baba zao, wakajenga nyumba zao za mianzi mahali pao, wakaoa na kukaa huko. Wageni walidhani tumegombana na wazee. Hapana. Tulilima mashamba ya baba zetu na kula kwa mama zetu. Tulikaa mbali kwa sababu mke wa kijana hapaswi kuonana na baba wa mumewe. Hamtazami, halitamki jina lake, haingii nyumba aliyomo, na akisikia yuko njiani anaiacha njia. Mkamwana anayemwangalia mkwe wake usoni amemvua nguo. Wazee walisema tumbo lake hufunga asizae, na ndugu zake wana haki ya kuja kumchukua na kurudisha ng'ombe. Hata mimi mwenye cheti, niliyekula mezani kwa kijiko, nilipooa nilijenga nyumba yangu mlango ukitazama upande usio wa baba.

Sasa ikaja barabara.

Boma lilitaka njia pana kutoka ziwani hadi kivuko cha Songwe, wapate kupitisha mizigo na kuwaangalia Waingereza kwa karibu. Akaletwa bwana mmoja kijana, mwenye nywele rangi ya majani makavu, na askari wachache. Sisi tulimwita Bwana Barabara. Alihitaji mkalimani, naye hakuwa na wa kuchagua: kutoka Bujonde hadi ziwani Kidachi nilikijua mimi peke yangu. Siku ya kwanza nilimwendea nimevaa viatu, nikamsalimu kwa lugha yake, akanyanyua kichwa kama mtu aliyesikia mbuzi akihesabu.

"Umejifunza wapi?" akauliza.

"Pwani, Bwana. Na ninajua pia kupima ardhi."

Kesho yake mimi ndiye nilikuwa nikinyoosha kamba, yeye ananishikia kigingi. Watu waliona.

Kazi ikagawanywa. Vijana walichimba mitaro na kukata miti ya daraja kule mtoni. Wake zao walibeba udongo kwa vikapu na kuumwaga katikati ili barabara inyanyuke juu ya tope, kwa kuwa ardhi yetu ikinywa mvua hummeza ng'ombe hadi magoti. Kilichobaki ni nyapara wa kuwasimamia wanawake hao. Bwana Barabara alitazama wazee waliokuwa wamekusanyika, akamwona mmoja mrefu kuliko wote, mwenye mabega mapana na sauti ya kuheshimika. Akaniuliza ni nani.

"Ni baba yangu mzazi, Bwana."

Akafurahi. Alidhani ananipa zawadi. "Huyo ndiye nyapara!"

Nilimwambia palepale kwamba haitafaa, kwa kuwa wale wanawake ni wake wa wanawe na wa watoto wa ndugu zake, na mmoja wao ni mke wangu mimi. Alicheka. "Basi watamtii zaidi," akasema, akapanda nyumbu wake akaenda kuangalia mtaro. Kwa Mdachi, neno likishatoka kinywani lilikuwa kama msumari uliokwisha kupigwa.

Baba aliisikia habari kutoka kwangu akiwa amekaa kwenye kigoda chake.

"Mwanangu," akasema, "wamenipa kazi ya kuchunga kondoo wakati mimi ni chui."

"Nitazungumza naye tena, Tata."

"Zungumza. Lakini kesho nitakwenda, maana asiyekwenda anapigwa kiboko, na mimi sikuzaliwa kulala kifudifudi mbele ya wakamwana zangu. Nitakwenda kwa adabu."

Na adabu ya baba ilikuwa hivi. Kabla ya kufika mahali ambapo wake za wanawe wangeweza kuwapo, alisimama mbali na kukohoa. Kikohozi chake kilikuwa kikubwa, cha kutoka tumboni, na kilijulikana vijiji vyote viwili. Alifanya hivyo miaka yote ili wanawake wapate nafasi ya kujiondoa bila aibu. Asubuhi ya kwanza ya unyapara wake alifika mwisho wa mstari wa kazi, akasimama, akakohoa. Vikapu vikaanguka. Wanawake wote, kama kundi la ndege kwarara waliorushiwa jiwe, wakaingia migombani. Barabara ikabaki tupu, na baba akapita katikati ya vikapu polepole, macho chini, akikagua udongo ambao hapakuwa na mtu wa kuubeba. Alipofika mwisho alikaa kivulini akageuza mgongo. Wanawake wakarudi, wakabeba. Alipoinuka ili arudi, akakohoa tena.

Mke wangu alinisimulia jioni huku anajikanda mguu aliokwaruza kwenye mtaro.

"Leo nimebeba udongo kidogo kuliko miiba," akasema. "Mwambie Bwana wako atupe nyapara kiziwi na kipofu, au atupe mbawa."

"Si Bwana wangu."

"Ah! Si unamshikia kamba?"

"Yeye ndiye ananishikia mimi."

"Basi umwambie huku anakushikia."

Nilimwambia. Akajibu kwamba kazi haina mkwe. Siku zikapita, na kipande cha wanawake kikabaki kama kitanda kisichotandikwa wakati mitaro ya vijana ilikwisha kufika mbali. Baba naye, kadiri kazi ilivyochelewa, alizidi kwenda na kurudi ili asionekane mvivu, na kadiri alivyokwenda ndivyo alivyokohoa, na kadiri alivyokohoa ndivyo udongo ulivyobaki chini. Hakuna mtu duniani aliyejitahidi hivyo na kuharibu kazi hivyo.

Nyakati zile Wadachi walikuwa na wasiwasi. Kusini watu walikuwa wamewainukia, na kila ngoma iliyopigwa waliuliza inasema nini. Bwana Barabara alikuwa na darubini. Asubuhi moja alipanda kichuguu akatazama mstari wa kazi kutoka mbali, na alichokiona kwa darubini ni hiki: mzee mmoja anasimama, anatoa ishara kwa sauti, na watu wote wanatupa vifaa vya serikali na kujificha porini. Kisha mzee anapita akihesabu vikapu. Kisha anatoa ishara tena.

Alishuka uso umekuwa mwekundu. "Sasa nimeelewa," akaniambia. "Baba yako anawafundisha. Siku moja watakimbia hivyo, na watakaporudi watakuwa na mikuki."

Akawaita askari. Baba akakamatwa akiwa bado amegeuza mgongo kivulini, akakalishwa chini ya kibanda cha vifaa. Mnyororo wa shingoni ukatolewa sandukuni na kuwekwa mbele yake. Amri ilikuwa kwamba jua likipita utosini apelekwe boma, kule milimani, na kila mtu wa kwetu alijua kwamba wazee waliopanda ile milima na mnyororo shingoni hawakushuka kwa miguu yao.

Habari ilifika mtoni kabla yangu. Vijana wenzangu waliacha miti wakaja na mashoka. Mmoja wao, tuliyejenga naye kijiji na aliyependa kunichokoza tangu niliporudi, alinikuta njiani.

"Msomi! Hicho cheti chako kinakata chuma?"

"Kinakata."

"Basi kikate sasa hivi. Kama hakikati, sisi tunaswaga ng'ombe tunavuka Songwe. Leo. Wake, watoto na kuku. Wadachi wabaki na barabara yao."

"Na wazee?"

Wazee wasingeweza kuvuka mto uliojaa, naye alijua. Kijiji cha vijana kikivuka, kijiji cha baba zetu kingebaki bila mtu wa kulima, nao wangelipia kwa viboko kukimbia kwetu. Nikamwambia, "Nipe mpaka jua la utosini. Mkiinua shoka moja, baba yangu amekufa, na nitakudai wewe." Akashusha shoka. Nilikuwa na sauti ya kuamuru tangu pwani.

Nilimkuta Bwana Barabara amekaa kwenye kiti chake cha kukunja karibu na kibanda. Nilisimama wima kama tulivyofundishwa, nikamweleza kila kitu tangu mwanzo: vijiji viwili, wakamwana, njia inayoachwa, kikohozi cha adabu. Nilieleza kwa Kidachi safi ambacho mwalimu wangu angekitia alama ya juu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri," akasema. "Kama si njama, ni jambo jepesi. Mwite mwanamke mmoja, aje hapa amsalimu huyu mzee usoni. Akisalimu nitamwachia." Akanyoosha kidole migombani, mahali ambapo vitambaa vilionekana. "Yule."

Yule alikuwa mke wangu.

Nataka nieleweke hapa. Angekuja. Alikuwa mwanamke wa kumwokoa mkwewe hata kwa gharama ya ndoa yake, nami niliona majani ya mgomba yakitikisika, anainuka. Lakini baba alikuwa amekwisha kuelewa jambo hilo kwa kuona kidole tu, akaivuta nguo yake akajifunika kichwa chote, akasema kutoka ndani ya nguo, "Mwambie afunge mnyororo."

"Anasema nini?" Bwana akauliza.

"Anasema mnyororo ni bora, Bwana."

Hapo ndipo kichwa changu kilipofanya kazi niliyokilipia. Shuleni tulifundishwa kwamba ukitaka kujua sababu ya jambo, ubadilishe kitu kimoja tu na vingine uviache kama vilivyo. Wengine waliliandika hilo na kulisahau. Mimi nilimwambia Bwana Barabara: "Bwana unadhani kikohozi ni ishara. Tukijaribu? Akohoe mtu mwingine, kwa sauti ileile, mahali palepale. Kama ni ishara ya njama, watakimbia. Kisha baba yangu apite bila kukohoa. Kama ana njama na anajua kwamba Bwana anamtazama, atafurahi sana kupita kimya."

Kisha akachukua darubini. Mdachi humkatalia mtu, lakini jaribio halikatai.

Mtu wa kukohoa nilikwisha kumwona. Kwenye kivuko kulikuwa na mzee Mkisi wa Lyulilo, kule pwani ya ziwa chini ya milima, ambako wanawake hufinyanga vyungu na waume zao huvipeleka kwa mitumbwi mpaka kwenye midomo ya mito. Huyu alikuja kwetu kila msimu, akibadilisha chungu kwa maharage yanayokijaza. Hakuwa mkwe wa mtu yeyote huku. Wanawake wote walimjua na wote walimtania.

"Mzee, unaweza kukohoa?" nikamwuliza.

"Moshi wa tanuri la vyungu umenifundisha tangu nazaliwa. Unataka kikohozi cha namna gani?"

"Kikubwa."

"Na vyungu vyangu nani anaviangalia?"

"Askari wa serikali."

Alipenda hilo. Wanawake walipokwisha kurudi kwenye vikapu, akaenda mwisho wa mstari, akasimama alipokuwa anasimama baba, akavuta pumzi, akakohoa hata kunguru wakaruka. Wanawake wakainua vichwa. Hakuna aliyekimbia. Mmoja, dada mwenye maneno aliyeolewa na jirani yangu, akajishika kiuno.

"We Mkisi! Umekuja kututolea makamasi? Chungu ulichoniuzia juzi kinavuja kama pua yako!"

"Kinavuja kwa sababu mpishi wake anakichapa mwiko kama ngoma!"

"Nirudishie maharage yangu!"

"Yako tumboni mwa mke wangu, mfuate ziwani!"

Wakacheka, wakabeba vikapu, wakaendelea kumwaga udongo huku wakimrushia maneno, naye akipita katikati yao akirudisha kila neno na nyongeza. Sikuwahi kuona udongo ukitembea haraka vile. Bwana Barabara hakuiondoa darubini machoni.

"Sasa baba yako," akasema.

Nilimwendea baba pale kibandani. Nilipiga magoti kama inavyopasa. "Tata, Bwana anasema upite pale barabarani kimya. Usikohoe. Ukipita kimya, huu mnyororo unarudi sandukuni."

Alijifunua uso akanitazama kama anayemtazama mtu aliyepotea. "Niwanyemelee wakamwana zangu? Kama fisi?"

"Ndivyo anavyotaka."

"Na wewe ulijibu nini?"

"Nilijibu kwamba hutapita."

Akatikisa kichwa taratibu, na nadhani ile ndiyo mara ya kwanza aliyoniheshimu tangu niliporudi na viatu. Akainuka. Askari wawili wakamfuata hadi mwisho wa mstari. Wakamwonyesha njia. Alisimama. Wanawake walikuwa bado wanacheka na Mkisi, migongo yao kwake, hawajui. Askari akamsukuma begani. Baba akageuka, akashuka kwenye mtaro wenye maji hadi kifundoni, akakaa ndani yake, akajifunika nguo kichwani. Wakamvuta, akajifanya mzito. Wakamwonyesha mnyororo, akatoa shingo.

"Bwana," nikasema nikiwa nyuma ya kiti, "mwenye njama gani huyu, anayekataa kunyamaza wakati kunyamaza ndiko kutamwokoa?"

Alishusha darubini. Alikuwa kijana, lakini hakuwa mpumbavu. Alitazama yule mzee ndani ya maji, akatazama udongo uliokwisha kumwagwa na wanawake kwa muda ule mfupi, kipande kirefu kuliko cha wiki nzima. Nadhani udongo ndio uliomshawishi, lakini hoja ilikuwa yangu.

"Mtoeni majini," akasema. "Na yule wa vyungu, mwambie abaki."

Basi Mkisi wa Lyulilo akawa nyapara wa wake zetu, kwa mshahara wa serikali, huku vyungu vyake vikilindwa na bunduki. Baba alipelekwa mtoni kuwasimamia vijana wanaokata miti, na hao walikuwa wanawe, aliwafokea apendavyo. Mnyororo ulirudi sandukuni bila kugusa ngozi ya mtu. Yule mwenzangu wa shoka alikuja kunishika mkono. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana, akaongeza kwamba kumbe cheti kinakata. Nilimwambia alipaswa kuniamini mapema.

Jioni ile mke wangu alipika ndizi kwa maharage na samaki wa ziwani, akaweka juu ya jani safi, akanipa nipeleke. Mkamwana hampelekei mkwewe chakula kwa mkono wake, ila chakula chenyewe hakina mwiko. Baba alikula chote. Aliponawa alisema tu, "Nyumbani kwako kuna mtu anayejua chumvi." Kesho yake ndama jike akafungwa kwenye kigingi changu, na hakuna aliyeuliza ni wa nani.

Barabara ilifika kivukoni kabla ya masika. Kisha tukahamia kijiji cha jirani kuelekea ziwani, kuanza kipande kingine, na wazee wa huko wakakusanyika kama wa kwetu walivyokusanyika. Bwana Barabara akachagua kwa macho mzee mrefu. Nilikuwa nafungua kinywa nimkumbushe, lakini alinitangulia. Kwa Kiswahili chake mwenyewe, kilichovunjika lakini kinachosikika, akamwuliza:

"Mzee, wewe hapa mkwe iko?"

Yule mzee akatazama vikapu, akatazama jua, akatazama tope. Alikuwa hana hata mtoto mmoja wa kiume, wala ndugu mwenye naye, kila mtu alijua.

"Wengi mno, Bwana," akajibu. "Hata sijui nipite wapi."

Bwana akasonga kwa wa pili. Naye alikuwa nao. Na wa tatu. Siku ile hapakuwa na mzee kati ya Songwe na ziwa ambaye hakuwa amezungukwa na wakamwana pande zote, mpaka ikabidi mtumbwi upelekwe Lyulilo kutafuta muuza vyungu mwingine. Niliporudi nyumbani nilimsimulia baba. Alicheka hata akashika mbavu, kisha akafuta macho.

"Umewafundisha Wadachi adabu," akasema.

Nikamjibu kwamba ndiyo, na kwamba hakuna mwingine kwetu ambaye angeweza.